Kisigino Nje, Mbuke

Mguu wa kulia wa Mbuke una kovu refu kwenye muundi, na kovu hilo lina jina. Linaitwa Justa.

Mwaka jana, katika mbio za baiskeli za kina mama zinazoanzia mnadani Didia na kuishia hapo hapo, Mbuke alikuwa mbele. Si mbele ya kubahatisha, mbele ya watu kumwona mgongo tu. Akafika korongoni, pale njia inaposhuka kwenye mawe na kupanda upande wa pili kwenye utelezi, na kandambili yake ikaserereka kwenye pedali. Pedali ikazunguka ikamchana muundi hadi mfupa ukaona jua. Yeye bado ameshika mguu, Justa wa Ushetu, binti wa wakulima wa tumbaku, akampita bila hata pole. Mtamba wa zawadi akaenda Ushetu.

Kwa mtu wa mjini ng'ombe mmoja ni supu na mifupa. Lakini Mbuke ameolewa katika mji wa Mzee Bujiku, mji wenye zizi linalojaa jioni hadi mbuzi wanakosa pa kusimama, na ndani ya zizi lile hakukuwa na mkia hata mmoja wa kwake. Alikamua ng'ombe wa baba mkwe, akatikisa kibuyu cha maziwa ya baba mkwe, akapika samli ya baba mkwe. Hakunyimwa kitu, tusimsingizie mzee wa watu. Ila alitaka ng'ombe mmoja tu ambaye mtu akiuliza ni wa nani, jibu liwe: wa mama Vumilia. Mtamba huzaa, na anachozaa nacho huzaa. Vumilia, binti yake, angekua akijua mama yake ana chake.

Kwa hiyo mwaka huu, mvua zilipokaribia na mbio zikatangazwa tena, Mbuke alipakia mchele nyuma ya baiskeli akaenda Kahama mjini kwa Feisal.

Feisal ni fundi na muuzaji wa baiskeli za mitumba karibu na soko. Baba yake mtu wa Pangani, mama yake Msumbwa, na mwenyewe aliacha ujana wake Geita kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo, akichimba dhahabu ambayo kila mara ilikuwa duara la jirani. Sasa anauza vitu vilivyoachwa na watu wa mgodini Buzwagi walipofungasha virago, na mdomo wake haujawahi kupata likizo.

"Nataka kitu kitakachoushika mguu wangu usitoke," Mbuke alimwambia.

"Hapo unataka mume, dada yangu."

"Mume ninaye. Nataka pedali."

Feisal akacheka, akaingia ndani, akarudi na jozi mbili za pedali za kunasa, kila moja na viatu vyake. Pedali za namna hii hazina pa kukanyaga kama zile za kawaida. Chini ya soli ya kiatu kuna kichuma, kwenye pedali kuna taya la springi. Ukikanyaga, taya linauma kichuma, na mguu na baiskeli vinakuwa kitu kimoja. Jozi ya kwanza ilikuwa nyeupe, pana, inang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Ya pili ilikuwa nyeusi, imechubuka, haina sura wala umbo.

"Chukua hizi mbaya," Feisal alisema. "Zinanasa pande zote mbili, huhitaji kutazama chini. Katikati ziko wazi, tope likiingia huku linatokea kule. Na kichuma kimezama ndani ya soli, unaweza kutembea, hata kupiga magoti. Hizo nyeupe ni za lami. Zina upande mmoja tu, na kiatu chake kimechomoza kwato. Wewe Didia una lami?"

Hapo ndipo Mbuke alipokosea, na alikosea kwa akili zake zote. Mama yake aliuza vyombo minadani maisha yake yote, na alimfundisha jambo moja: muuzaji akikusukumia kitu, ujue kimemkalia. Akiking'ang'ania, ujue ndicho. Basi kadiri Feisal alivyozisifu zile mbaya, ndivyo Mbuke alivyozitazama zile nyeupe. Viatu vya hizo nyeupe vilikuwa vya mwanamume mwenye miguu mikubwa, lakini hilo nalo akaona halina neno, matambara yapo.

"Nipe nyeupe."

"Hapa Kahama kila mtu ameshalizwa na kinachong'aa," Feisal alisema, "lakini haya. Mchele ni wako. Nisikilize basi neno moja. Sisi wa duarani tulikuwa tunasema, kamba ya kutokea kwanza, dhahabu baadaye. Kabla hujajifunza kuingiza mguu, jifunze kuutoa. Usivute juu, hautatoka hata uite malaika. Zungusha kisigino nje. Kisigino nje, umesikia?"

Mbuke aliitikia kwa kichwa, kichwa cha mtu ambaye tayari yuko nyumbani anaendesha.

Na siku za mwanzo, haki ya Mungu, aliruka. Njia ilikuwa kavu na ngumu, na mguu haukuteleza hata kidogo. Alikuwa akisukuma pedali ikishuka na kuivuta ikipanda, nguvu ambayo hakuwahi kujua anayo. Akirudi nyumbani anaimba. Springi zilipoanza kulia akazipaka samli, maana katika mji ule kila kinacholia hupakwa samli: ngozi, bawaba za mlango, hata magoti ya bibi. Zikanyamaza. Vumbi likaja likakaa juu ya samli, samli ikalishika vumbi, na Mbuke hakuona chochote kwa sababu mtu anayeruka haangalii chini.

Kisha mvua ikanyesha.

Tope la mbuga mnalijua, lile jeusi linalong'ang'ania hadi unavua viatu ukaviacha. Asubuhi moja Mbuke alisukuma baiskeli kwa miguu kupita kwenye majaruba ya mpunga, akapanda upande wa pili, akakanyaga kwa nguvu hadi viatu vikanasa, akachanganya mwendo. Njia ikakata kona. Na kwenye kona, nyuma ya ng'ombe wake, akitembea polepole na fimbo mabegani, Mzee Bujiku.

Sasa ni lazima nieleze, kwa ajili ya wale wa mbali. Kwetu mtu mdogo hampiti mkubwa akiwa juu ya baiskeli. Anashuka kabla hajamfikia, anailaza, mwanamke anapiga magoti, ndipo anaamkia. Na kama mkubwa mwenyewe ni baba mkwe, hapo mtu angeshuka hata kwenye ndege. Mbuke hakuwahi kukosa heshima hiyo tangu aolewe. Alifunga breki na kuinua mguu juu kama alivyouinua miaka yote.

Mguu haukuja. Akavuta tena. Hapo akakumbuka kisigino, akakizungusha, lakini kilichozunguka ni mguu wake ndani ya matambara. Kiatu kilikuwa kimetulia tu na tope na samli yake. Baiskeli ikasimama. Baiskeli iliyosimama ina kazi moja tu iliyobaki, nayo ikaifanya. Mbuke alianguka ubavu miguuni pa baba mkwe wake, khanga upande wake, na baiskeli juu yake, miguu yote miwili ikiwa bado imefungwa kwenye pedali.

Na mkwe haguswi. Mzee Bujiku alisimama pale, mikono yake isijue iende wapi. Hawezi kumwinua, hawezi kumwacha njiani, hawezi kumtazama. Akafanya lililobaki kwa mtu mwenye heshima zake: akamgeuzia mgongo, akakita fimbo chini, akaita kuelekea majarubani, "Wanawake mlioko huko, njooni." Kisha akabaki amesimama hivyo hivyo, mgongo wake kati ya Mbuke na dunia, hadi jirani yao Mageni alipofika mbio na jembe mkononi.

Mageni alijaribu kuling'oa guu, likakataa. Mwishowe alifungua mikanda ya viatu akamtoa Mbuke kama anavyotolewa mtoto kwenye mbeleko, viatu vikabaki vinaning'inia kwenye pedali. Ndipo Mageni akacheka hadi akakaa kwenye maji. Mbuke hakucheka. Uso wake ulikuwa unawaka, na alitamani lile tope limmeze kabisa limalize kazi.

Jioni mzee alizungumza uani na mwanawe Theonest, mume wa Mbuke. Alizungumza kwa sauti ya kufika jikoni, maana ndivyo baba mkwe anavyoongea na mkamwana wake.

"Mbio sikatazi. Wanawake wa huku waliendesha baiskeli wewe hujazaliwa. Ninachokataa ni kitu kinachomfunga mtu asiweze kumwamkia mwenzake. Siku ya mbio nitasimama pale korongoni. Mtu wa mji wangu akinipita amekaa juu ya chuma, kama vile nilikuwa kisiki, mtamba wake asivuke lango la zizi langu. Ampeleke anakojua."

Theonest akaja jikoni, akasimama mlangoni. Ni mtu mpole, mpole wa kuudhi wakati mwingine. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Tuzing'oe basi. Urudishe zile za zamani."

Mbuke alinyoosha mguu kwenye mwanga wa moto, kovu likaonekana. "Za zamani ndizo zilizompa Justa mtamba."

"Sasa utafanyaje, mama Vumilia? Ukishuka, umeshindwa. Usiposhuka, umeshinda ng'ombe asiye na pa kulala."

"Nitashuka, nitamwamkia, nitapanda, na nitashinda."

"Yote hayo?"

"Yote. Maji nimeshayavulia nguo."

Kesho yake alijaribu kuzifungua pedali mwenyewe. Ya kulia ikatoka. Ya kushoto aliizungusha kwa spana na uzito wa mwili wote, na kila alivyoizungusha ikazidi kukaza. Akapanda hivyo hivyo, mguu mmoja pedali, mguu mwingine chuma kitupu, akaenda Kahama akiwa na hasira ya kutosha kuangaza mji.

Feisal aliinamisha pua kwenye springi, akanusa. "Hii ni nini?"

"Samli."

"Samli." Feisal akainua pua. "Dada, umeleta pedali au chapati?" Lakini alipoona uso wake akaacha utani, akamvutia kigoda. Mbuke akamweleza yote, korongo, mzee, mtamba, lango la zizi. Feisal akasikiliza bila kukatiza, jambo ambalo majirani zake hawajapata kuliona. Kisha akaenda ndani akaleta ile jozi mbaya nyeusi na viatu vya mguu mdogo.

"Sitakufungia," alisema, akamwekea spana mkononi. "Mimi sitakuwa korongoni."

Basi Mbuke alijifunza, sketi imefungwa kiunoni na grisi hadi kwenye viwiko. Pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume na ya kulia, ndiyo maana aliikaza badala ya kuifungua. Kiatu lazima kikumbatie kisigino, la sivyo unazungusha mguu na kiatu kinakusubiri. Kichuma cha soli hukaa chini ya mfupa wa dole gumba, na boliti zake hupakwa grisi kidogo na kukazwa sawasawa, maana moja ikidondoka kiatu kitapinda lakini hakitaachia. Skrubu ndogo ya springi hulegezwa kwanza, pande zote sawa, hadi mguu utoke kwa wepesi. Kukaza ni kwa baadaye, ukishajua. Akaifungua pedali yenyewe, akaosha gololi kwa mafuta ya taa, akajaza grisi mpya, akaikaza hadi ikaacha kucheza. Kwenye taya, tone la mafuta mepesi, kisha kufuta hadi ionekane kama hujapaka kitu.

"Na tope?" aliuliza.

"Tope ni lako hadi kufa. Tembea na mwiba wa mgunga, uchokonoe."

Kuna kichuguu kikubwa nje ya mji wa Mzee Bujiku, upande wa njia. Tangu siku ile kichuguu hicho kilipata cheo. Kila alfajiri kabla ya kukamua, na kila jioni baada ya kukamua, Mbuke alikuja mbio, kisigino nje, ta, mguu wa kushoto umetoka, kisigino nje, ta, wa kulia, baiskeli chini, magoti chini. "Shikamoo baba." Kisha juu, ta, ta, na kuondoka. Mwanzoni alianguka. Alianguka kushoto, alianguka kulia, siku moja alikiangukia kichuguu chenyewe na siafu wakampa marahaba yao. Watu waliokuwa wakienda shamba walisimama kutazama. Mageni alisema mji ule umeoa kichaa. Mbuke aliwaitikia salamu zao na kurudi nyuma kuanza tena.

Theonest naye akaingizwa kazini. Alisimama kando ya kichuguu na fimbo ya baba yake mabegani, uso ameukunja, akijitahidi kuwa mkwe.

"Polepole sana," alisema siku moja. "Justa ameshafika Ushetu."

"Sogea, nirudie."

Usiku unapoingia, sauti ile ilisikika hadi ndani ya boma: ta, ta. Shikamoo baba. Ta, ta. Mzee Bujiku alikaa kwenye kiti chake mbele ya zizi, akinusa tumbaku yake ya pua. Akiulizwa, alisema anasikiliza vyura.

Siku ya mbio ilikuja na manyunyu. Mnadani Didia walikusanyika kina mama wa Shinyanga yote, wenye baiskeli za kichina, wenye suruali chini ya khanga, na mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kifuani alikuwa amefungwa kwenye mgunga akiwatazama wote bila upendeleo. Justa alikuwepo. Alizitazama pedali za Mbuke.

"Umejifunga mwenyewe," alisema.

"Ndiyo," alisema Mbuke, na kuendelea kuchokonoa kwa mwiba wake.

Filimbi ikalia. Sitawachosha na njia ya mwanzo. Tope, majaruba, pamba, mbwa. Ilipofika nusu, wengi walikuwa wameachwa na waliobaki mbele ni wawili. Mbuke alimsikia Justa nyuma ya gurudumu lake, anapumua kama mvukuto, hamwachi wala hampiti. Walishuka korongoni pamoja. Mawe yakazipiga baiskeli, meno yakagongana. Pale pale, kwenye jiwe lile lile la mwaka jana, mguu wa Mbuke ulitaka kuteleza. Aliusikia ukitaka. Pedali ikaushika. Akaivuta juu kwa nguvu ambazo Justa hakuwa nazo, na alipoanza kupanda utelezi wa upande wa pili, pumzi ile ya nyuma yake ilibaki chini kidogo.

Kidogo tu. Kwa kushuka, magoti, salamu na kupanda, haitoshi. Mbuke alijua haitoshi. Wiki zote zile alijiambia itatosha, na sasa aliona kwa macho yake.

Na juu ya korongo, kando ya njia, Mzee Bujiku alikuwa amesimama. Amevaa koti lake la kanisani, fimbo mkononi, anamtazama.

Mbuke alimwona akilini mtamba mwenye doa kifuani akienda Ushetu kwa mara ya pili. Akafikiri kumpita, na hapo hapo akajua hatampita, si kwa kuogopa lango la zizi, ila kwa sababu mzee yule alisimama kumpa mgongo siku alipokuwa ameanguka kwenye tope, na mtu wa namna hiyo hapitwi juu ya chuma. Atamwamkia, kisha atamfukuza Justa hadi mapafu yapasuke. Akashika breki. Kisigino nje.

Ta.

Mzee Bujiku alisikia. Mguu wa Mbuke ukiwa hewani unaelekea chini, mzee akageuka. Aligeuka polepole, kama mtu aliyekumbuka jambo, akamgeuzia mgongo, akakita fimbo, akatazama mashamba ya mtama upande wa pili kana kwamba njia hiyo haijawahi kuwepo.

Mkubwa aliyekupa mgongo haamkiwi. Hata mtoto mdogo anajua. Mbuke alibaki na mguu mmoja nje, machozi yakamjaa ghafla, akashindwa kuona pedali. Lakini zile mbaya hazihitaji kutazamwa. Aliurudisha mguu kwa kipapaso, upande wowote, ta, ikanasa. Justa alikuwa ameshamfikia begani. Mbuke akainama juu ya usukani, akasukuma na kuvuta, akasukuma na kuvuta, na kutoka pale hadi mnadani hakuona kitu kingine ila tope linalokuja. Walivuka mstari wakitenganishwa na gurudumu la mbele, na gurudumu lenyewe lilikuwa la Mbuke.

Justa alimpa mkono. "Mwakani na mimi nanunua," alisema.

"Nenda kwa Feisal, Kahama. Chukua zile atakazokusukumia."

Alasiri walirudi nyumbani, Theonest akimvuta mtamba kwa kamba, Mbuke akiwatangulia kwa baiskeli taratibu. Mzee Bujiku alikuwa amekaa kwenye kiti chake mbele ya lango la zizi. Kwenye umbali uleule wa siku zote, kisigino nje, ta. Kisigino nje, ta. Mbuke akashuka, akailaza baiskeli, akapiga magoti, akatoa salamu ya Kisukuma ya alasiri.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mama Vumilia."

"Nimekupita leo korongoni, baba. Sikukuamkia."

Mzee aliangalia zizi. "Sikumwona mtu," alisema. "Nilikuwa natazama mtama." Kisha, baada ya kupiga chafya yake ya tumbaku, akaongeza, "Nacho kichuguu kile kimeamkiwa mwaka huu kuliko mimi."

Akainuka, akaanza kuondoa miti ya lango mmoja mmoja kwa mikono yake mwenyewe, akikataa msaada wa Theonest. Mtamba akanusa, akasita, akaingia. Mageni alikuwa anapita njiani na jembe begani. Akasimama kwenye uzio akachungulia.

"Mzee Bujiku, huyo mwekundu mgeni ni wa nani?"

Mzee alikuwa ameshika mti wa mwisho, anaurudisha mahali pake.

"Wa mama Vumilia," alisema.